Nionyeshe Kimoja Tu

Pietrafosca, 9 Machi

Ersilia,

Sikuiti dada, kwa sababu dada hafungi namba ya mdogo wake. Nimekupigia tangu Jumatatu na kila mara simu inakata kabla haijalia. Nikadhani ni mtandao. Fiorenza wa darasani kwetu akaniazima simu yake, nikakupigia, ukapokea vizuri kabisa: "Haloo?" Uliposikia sauti yangu ukakata. Kwa hiyo nimenunua stempu. Karatasi huwezi kuifungia, labda uichome.

Baba ameanguka. Alipanda kwenye dari ya zizi kushusha nyasi, ngazi ikateleza kwenye barafu, akaja chini na robota zima juu yake. Mguu umevunjika mahali pawili. Daktari amesema asipande mlimani mwaka huu. Baba alimjibu daktari maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu Mwalimu Iolanda ametufundisha kuiheshimu karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Jana mezani Baba alisema: "Mmoja wenu atabaki nyumbani na kondoo na jibini. Mkubwa yuko shimoni anatafuta kisichoonekana. Kwa hiyo ni wewe." Mwezi wa Juni natimiza miaka kumi na sita, na baada ya hapo sheria haimzuii mzazi kumtoa mtoto shule. Nikamwambia nataka kumaliza sekondari kisha nisome fizikia. Alicheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. "Mwingine tena! Nimezaa panya mimi, kila mmoja anataka kuingia shimoni."

Njoo umwambie hapana. Ni nusu saa kwa basi, upande wa pili wa mlima huuhuu. Mama yuko Stuttgart na maisha yake mapya, sina mwingine wa kumwambia. Wewe ndiye uliyefungua njia hii, kisha ukaifunga nyuma yako.

Jambo jingine, ingawa hustahili kulijua: darasa letu limechaguliwa kusaidia kuchambua picha za tangi lenu la zenoni, huko maabara chini ya mlima. Mwalimu Iolanda ametupangia zamu. Kwa hiyo nitaona unachokiona wewe, upende usipende.

Loreta


Nyumba za maabara, 16 Machi

Loreta,

Barua nimeipata. Mpe Baba pole. Siji.

Najua darasa lenu limechaguliwa, nilijua kabla yako. Ndiyo maana nakupa sheria, na sitairudia: usiniandikie chochote kuhusu mnachokiona kwenye kompyuta. Usiniulize. Ukiniuliza kwa barua sitajibu, ukiniuliza barabarani nitavuka upande wa pili. Namba yako itabaki imefungwa. Sababu sina ruhusa ya kukupa, na hata ningekuwa nayo nadhani usingeelewa.

Kuhusu shule, mwambie Baba mwenyewe, na usimame unapomwambia. Nilipokuwa na umri wako nilimwambia mwenyewe, akanirushia ndoo. Haikunipata.

Ersilia


Pietrafosca, 21 Aprili

Ersilia wa Shimoni,

Umesema nisingeelewa. Basi nakuandikia ninachokielewa. Haya si niliyoyaona kwenye kompyuta, ni niliyofundishwa, kwa hiyo sijavunja sheria yako.

Jua linatoa nyutrino, chembe ndogo mno zisizoonekana. Zinapita kwenye ukucha wangu mabilioni kwa mabilioni kila sekunde, na hakuna hata moja inayonigusa. Mara chache sana moja inagonga kiini cha atomi, na hapo haimegi kipande, inakisukuma kiini chote kwa pamoja, kama nzi anayejigonga kwenye lori. Kiini cha zenoni ni kikubwa, kwa hiyo ni rahisi zaidi kugongwa, lakini kikigongwa kinasogea kidogo mno. Ndiyo maana mmejaza tani kadhaa za gesi ya zenoni, mkaipoza mpaka ikawa kama maji, mkaificha chini ya mlima ili miale ya angani isiwasumbue.

Kiini kikisogea kinatoa mwanga mdogo. Hicho ni kimweko cha kwanza. Elektroni chache zilizong'oka zinavutwa mpaka juu ya tangi, na zikifika zinatoa kimweko cha pili. Vimweko viwili, jambo moja. Tatizo ni takataka. Pengine kimweko cha kwanza kimetoka kwenye jambo hili na cha pili kwenye jambo lile, vikakutana kwa bahati, na mtu akadhani ni mke na mume kumbe ni abiria wawili waliokaa benchi moja. Mfano huo ni wangu. Mwalimu Iolanda alicheka, akanipa alama zote.

Tena kuna vya bandia. Mmoja wenu huko anavitengeneza kwa kompyuta na kuvichanganya na vya kweli kwa siri, ili mtu mwenye hamu ya kuona asijidanganye. Kazi ikiisha ndipo anavitaja na kuviondoa. Wengine wote hamjui vipi ni vyake, na Mwalimu anasema hamjui hata yeye mwenyewe ni nani. Fiorenza akasema mtu wa namna hiyo lazima awe na moyo wa chura.

Haya. Nimeelewa au sijaelewa?

Sasa Baba. Nilisimama, kama ulivyosema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya ndoo, anamwelekeza Venanzio jirani jinsi ya kukamua, na Venanzio anakamua tangu kabla sijazaliwa.

"Hicho mnachokitafuta, umekiona?" akaniuliza.

"Bado."

"Dada yako je?"

"Bado."

"Miaka minne! Venanzio, ukiwa na mbwa wa zizi, akae miaka minne hajabweka hata kwa paka, utaendelea kumlisha?"

"Inategemea," akasema Venanzio. "Ana sura nzuri?"

"Ana sura ya mama yake."

"Basi hapo sisemi kitu."

Baba akanigeukia. Hakuwa anacheka tena. "Sikiliza. Nionyeshe kimoja. Kimoja tu, kwa kidole, useme hiki ndicho. Siku hiyo nitakuacha usome mpaka uote mvi. Usiponionyesha kabla kondoo hawajashuka kutoka mlimani, mwezi wa tisa unaingia jikoni kwenye jibini. Venanzio ni shahidi."

Kwa hiyo wewe sikuhitaji tena. Nahitaji kimoja.

Loreta


Pietrafosca, 24 Mei

Ersilia,

Najua umenikataza. Nimekiona.

Ilikuwa zamu yangu baada ya somo la Kilatini. Kimweko cha kwanza kilikuwa kidogo na safi, katikati ya tangi, mbali na kuta zote. Kisha kimya. Kisha cha pili, palepale juu yake, kama mtu aliyeitwa jina akaitika. Niliweka mikono chini ya mapaja ili nisibonyeze kitu kwa makosa. Nikamwita Fiorenza, akakipitisha. Tukamwita Mwalimu Iolanda, akakitazama mara mbili, akakipitisha naye. Akasema, "Ni kizuri sana, Loreta. Lakini sasa tunangoja." Mimi nilikuwa narukaruka.

Kinaweza kuwa bandia, usinikumbushe, ninajua. Lakini cha bandia kingekuwa na namna ya kujionyesha. Hiki hakikujionyesha, kilikuwapo tu. Ungekiona ungejua. Pengine umekiona na unajua.

Jumapili ijayo Venanzio anakuja kula mishikaki na Mwalimu ameniazima kompyuta ya darasa kwa mapumziko ya wiki. Nitamwonyesha Baba. Ukitaka kuwepo, kiti kipo. Usipotaka, kaa na tangi lako.

Loreta


Nyumba za maabara, 28 Mei

Loreta,

Usimwonyeshe Baba. Si Jumapili, si siku nyingine yoyote kabla kazi haijaisha mwezi wa Julai. Sikuombi. Mimi ni mkubwa wako na nakuamuru.

Usiniulize kwa nini.

Ersilia


Pietrafosca, 5 Juni

Ersilia,

Amri yako ilifika Jumanne. Jumapili ilikuwa imeshapita, na hata ingefika Jumamosi nisingeitii.

Niliifungua kompyuta katikati ya sahani. Baba akafuta mikono kwa mkate, akavaa miwani.

"Hiki?"

"Hiki."

"Ndicho chenyewe?"

"Ndicho."

Venanzio akachungulia juu ya bega lake, mshikaki mdomoni. "Mbona kama nzi ameenda haja?"

"Nyamaza wewe, unajua nini!" Baba alimfokea, Ersilia. Alimfokea kwa ajili yetu. Kisha akaniuliza polepole, "Hiki kimetoka kwenye jua?"

"Kimetoka kwenye jua, kikaupita mlima mzima, na mlima haukuhisi kitu."

Aliendelea kutazama mpaka mishikaki ikapoa. Akamimina divai, akanipa nusu glasi na mimi, na haijawahi kutokea. Kesho yake alikwenda shuleni kwa magongo, akatia sahihi nimalize miaka yote iliyobaki. Amemtafuta mchungaji wa kiangazi, anaitwa Slavko, wa Makedonia, naye ameshapandisha kondoo mlimani. Huko baa Baba anamwambia kila aingiaye kwamba binti yake ameliona jua kutoka chini ya mlima. Venanzio anasema watu wameanza kunywa wakiwa wamesimama ili wamkimbie mapema.

Sasa nimekujua. Ni wivu. Miaka minne huna hata kimoja cha kuonyesha, mimi nimekipata kabla mwaka wa masomo haujaisha. Ulitaka ningoje Julai ili jina lisomeke lako. Ulinifungia namba siku tulipochaguliwa, siku hiyohiyo, nimeangalia. Uliogopa mtoto wa darasani asije akakushinda.

Baba ameuliza kwa nini hukuja. Nikamwambia una kazi nyingi za kutoona.

Loreta


Pietrafosca, 11 Juni

Kwa binti yangu Ersilia,

Sipendi kuandika, unajua, kwa hiyo nitasema na kumaliza.

Mdogo wako ameona. Amenionyesha kwa kidole. Wewe una shahada mbili na taa kwenye kofia, na hujanionyesha kitu tangu utoke hapa.

Mmoja wenu lazima awe kwenye jibini. Hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni nani. Mwenye macho asome. Asiye na macho aje akoroge maziwa, kazi ile haihitaji kuona mbali. Slavko ananiacha mwezi wa tisa, mke wake anajifungua. Nakutarajia siku kondoo watakaposhuka. Usipokuja siku hiyo, usijisumbue kuja Krismasi.

Panfilo, baba yako

Ndoo ile bado ninayo.


Nyumba za maabara, 18 Juni

Baba,

Nimeisoma barua yako. Nitakujibu mwisho wa Julai. Kabla ya hapo sina la kusema, hata ukinirushia ndoo mbili.

Utunze mguu.

Ersilia


Nyumba za maabara, 25 Julai

Loreta,

Kazi imekwisha juzi. Sasa ninaruhusiwa kusema, na nataka ulisikie kwangu kabla Mwalimu wako hajalisoma kwenye taarifa.

Mtu wa vimweko vya bandia ni mimi.

Kimweko chako nilikitengeneza mimi. Nilikaa na kikombe cha kahawa nikachagua saa, nikachagua kina, nikakiweka katikati ya tangi kwa sababu watu wanapenda katikati. Nilikifanya kizuri kupita kiasi. Mkuu wangu amenikaripia, na amenikaripia kwa haki. Vya kweli havipendezi. Vya kweli ni hafifu, vimechoka, nusu ya macho ya tangi, yaani vipokea mwanga vyake, hayakuona lolote, na mtu anavipitisha huku ananuna. Uliponiandikia kwamba kiliitika kama mtu aliyeitwa jina, nilikuwa nasoma sifa za kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Darasa lenu lilipochaguliwa, mkuu aliniita. Akasema ama niikabidhi kazi ya bandia kwa mtu mwingine, ama nisizungumze nawe mpaka mwisho. Kazi nilikuwa nimeshaianza, kuikabidhi ingekuwa kuanza upya. Nikachagua. Simu niliifunga kwa sababu ningesikia sauti yako ningetoboa siri. Barua naweza kuichana kabla sijaituma. Ile ya Mei niliichana mara nyingi. Ile uliyoipata, yenye amri, ndiyo iliyobaki bila kusema kitu, na hata hiyo ilikuwa imekaribia sana kusema.

Usinielewe vibaya. Sikukaa kimya kwa wema. Ningekwambia neno moja, mchambuzi mmoja angejua, na data zote mlizozipitia ingebidi zitupwe. Kuna watu zaidi ya mia humu, wengine wameanza kazi hii nikiwa darasa kama lako. Baba aliponiandikia kwamba sina macho nije nikoroge maziwa, sentensi moja ingetosha kuniokoa. Sikuiandika. Nilikuwa nalinda tangi, si wewe.

Na wewe uliambiwa ungoje. Mwalimu wako alikwambia, mimi nilikwambia. Ulijua bandia zimo. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba chako hakiwezi kuwa bandia kwa sababu hakikujionyesha. Ndivyo hasa bandia nzuri inavyokuwa. Kwa ajili ya watu kama wewe ndiyo iliwekwa.

Matokeo ni haya. Tulipoziondoa bandia zote, zilibaki jozi za vimweko thelathini na kitu. Takataka peke yake ingetupa ishirini na kitu. Zilizozidi zinalingana na zile ambazo jua lilitakiwa kutupa. Ni dalili, bado si hukumu, lakini watu wazima walikumbatiana na mmoja alikaa chini sakafuni na buti zake. Ila ukiniambia nikuonyeshe ipi ni ya jua na ipi ni takataka, sitaweza. Hakuna atakayeweza. Tunajua zimo. Hatujui ni zipi.

Namba yako nimeifungua.

Baba hajui. Mimi sitamwambia. Ukinyamaza, utamaliza shule, na mwezi wa tisa mimi nitakuja kukoroga bila kelele. Ukisema, unajua alichoahidi na mbele ya nani. Chagua mwenyewe. Nimechoka kuwa mtu anayejua peke yake.

Ersilia


Pietrafosca, 3 Agosti

Ersilia,

Umeifungua namba yangu. Mimi nimeifunga yako.

Fiorenza alisema mtu huyo ana moyo wa chura. Leo asubuhi nimepita bwawani nikawaomba vyura radhi.

Uliniona. Ulijua Jumapili ile nimekaa mezani nanyoosha kidole kwenye kitu ulichokipika ukinywa kahawa. Ulijua Baba anakwenda baa. Ukaandika "usiniulize kwa nini" na ukaenda kula chakula cha mchana. Najua umesema kweli kuhusu data na kuhusu watu mia. Nimeisoma barua yako mpaka nikaielewa yote, na kadiri nilivyoielewa ndivyo nilivyokuchukia. Ungekuwa umekosea ingekuwa rahisi zaidi.

Na usiniambie nichague kana kwamba unanipa zawadi. Ulinitupia kitu chako kizito kwa sababu umechoka kukibeba.

Nimemwambia.

Alikuwa jikoni, maziwa jotoni, anakoroga kwa mkono mmoja na gongo kwapani. Nilisimama. Nikamwambia kile nilichomwonyesha hakikutoka kwenye jua, kilitengenezwa na mtu ili kutupima, na mimi nilijua kinaweza kuwa hivyo na sikungoja.

Hakuacha kukoroga. "Kwa hiyo hakuna kitu."

"Vipo. Vimezidi hesabu ya takataka."

"Nionyeshe."

"Siwezi kuonyesha kimojakimoja. Ni kama… Baba, chukua mfano, umehesabu kondoo zizini gizani, ukakuta wamezidi. Unajua wa wageni wamo, lakini hujui ni yupi."

"Mimi?" Hapo akaacha. "Mimi nisijue? Kondoo wangu nawajua kwa kikohozi. Aingie mmoja wa mtu, nitakwambia ni yupi, ni wa nani, na mama yake alikufa mwaka gani. Usinifananishe na hao wa shimoni."

Mfano ule niliutunga usiku kucha.

"Aliyekitengeneza ni nani?" akauliza.

Ningeweza kusema sijui. "Ersilia."

Maziwa yakaanza kushika chini ya sufuria, nikayanusa, yeye hakunusa. "Nilipomwandikia kwamba hana macho, alikuwa anajua?"

"Alijua."

"Na hakujibu."

"Alikujibu kwamba atakujibu."

Akakoroga. Nikangoja atukane, au acheke, au arushe kitu. Mwisho akasema, "Niliahidi kwa kuonyeshwa. Sikuonyeshwa." Akavua aproni. Venanzio alimpeleka shuleni mchana uleule, na sahihi ya kunibakisha shule imefutwa. Baa hajaenda tangu siku hiyo. Watu wanamwuliza jua linaendeleaje.

Kwa hiyo mwezi wa tisa jikoni nitaingia mimi. Usije. Sitaki useme kwamba umenitoa mahali uliponiingiza. Vitabu vyangu sijavirudisha, navifunika kwa gunia ili mvuke usiviharibu. Mwalimu Iolanda amesema atanipitia Jumamosi na mazoezi, akasema mwaka mmoja nje si mwisho wa shule. Mimi namwamini yeye.

Loreta


Pietrafosca, 2 Oktoba

Kwa Loreta, bweni la wasichana, L'Aquila

Loreta,

Kwa kuwa bado umeifungia namba yangu, nakuandikia. Vitabu vya hisabati umeviacha juu ya rafu ya jibini. Venanzio atavileta Alhamisi, vinanuka, usimlaumu yeye.

Siku niliposhuka kwenye basi ulinipita mlangoni ukaenda kwa Fiorenza bila salamu, kwa hiyo hukuyasikia tuliyosema na Baba, na najua yeye hatakwambia. Alikuwa amekaa pale kwenye kigoda. Akasema, "Nilikuandikia uje, ukanyamaza. Mdogo wako akakuandikia usije, umekuja. Unasoma barua kichwa chini?"

Nikamwambia sikuja kuomba kitu, nimekuja kumkumbusha maneno yake. Yeye ndiye aliyeandika kwamba mwenye macho asome. Nikamwambia: "Loreta alikuonyesha kitu, ukafurahi, ukajisifu baa, ukamtilia sahihi. Alikuwa amepata kila alichokitaka. Kisha akaja mwenyewe hapa jikoni kukwambia kwamba si chenyewe, na alijua utamfanya nini. Kwetu wanaoona tunao tele, kila mmoja anaona, mpaka tunalazimika kuwatilia bandia. Mtu wa kuja kusema 'nilikosea, futa' ndiye tunayemtafuta kwa tochi."

"Kwetu wapi?" akasema. "Kwenu ni hapa."

"Basi na hapa pia."

Alikula, akalala, asubuhi akamwita Venanzio alete gari, akakwambia ufunge sanduku uende shule ya bweni. Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Usidhani nilimshinda. Mpaka leo anasema alikuondoa nyumbani kwa sababu ulikuwa unanuna na kununa kunaharibu maziwa.

Kazi ya bandia nimeikabidhi. Anayeifanya sasa simjui, na kama darasa lako jipya litaingia kwenye zamu, hakuna tena atakayekuvukia barabara. Tasnifu ninaiandikia hapa mezani. Jana Baba aliweka jibini bichi juu ya sura ya tatu, akasema meza ni ya chakula. Jibini langu la kwanza mbwa walilinusa wakaondoka. La pili Venanzio alilila akasema limemkumbusha jeshi. Mikono yangu imebabuka mpaka kwenye kiwiko, na kondoo mmoja, yule mwenye sikio lililopasuka, ananisubiri kila asubuhi anikanyage mguu uleule.

Nitakaa mpaka Pasaka. Baada ya hapo Slavko anarudi na familia yake, Baba amewapa vyumba vya juu, na mimi narudi shimoni. Usinishukuru, maana sijakusamehe lile neno la wivu, na nadhani nawe hujanisamehe kahawa. Tutagombana vizuri ukija Krismasi. Lete mtihani wako wa fizikia niuone, na kama ni mbaya nitakwambia ni mbaya.

Ersilia

Loreta. Ameniachia nafasi hapa chini. Soma haraka. Huyu ananimalizia maziwa.

Panfilo, baba yako